Muuzaji wa Duka Anapoporwa, Anapopigwa au Anapoumia Kazini: Hukumu za Sharia na Haki Zake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Masuala yanayohusu vijana wanaouza madukani yamekuwa mengi, na mengi yanafanana. Duka limeporwa, na tajiri anakata mshahara wa kijana mpaka hasara itimie. Kijana amekatwa panga akigombania droo ya pesa, na nyumbani kwao wanaulizana nani alipe hospitali. Msichana hataki kurudi kazini na hataki kusema sababu. Mtu ameanguka na ngazi stoo, akaambiwa ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Katika kila kadhia pande zote mbili huja na hadithi, na kila upande unaona dini iko nao. Makala haya yanakusanya hukumu hizo pamoja na sheria za nchi zinazohusika, ili familia izipate mahali pamoja.

Kwa neno "muuzaji" tunamkusudia kila anayefanya kazi katika duka la mwenziwe: Darajani, Mlandege, Mwanakwerekwe, Chake Chake, Wete, duka la vyakula la mtaani, au kibanda cha wakala wa pesa za simu. Analipwa kwa mwezi au kwa siku, yote sawa. Anaingia pia mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka shamba "kusaidia" bila ya kutajiwa mshahara. Huyo ndiye anayedhulumika zaidi, kwa sababu watu humwita mtoto wa nyumbani siku ya kulipwa, na humwita mfanyakazi siku mali ikipotea.

Mkono wake ni mkono wa amana

Wanavyuoni wa fiqhi wamegawa waajiriwa mafungu mawili. Wa kwanza ni ajiri wa watu wote, kama fundi cherehani anayepokea nguo za wateja mbalimbali. Wa pili ni ajiri maalumu, ambaye muda wake ameuuza kwa mtu mmoja, na muuzaji wa duka yumo katika fungu hili. Kuhusu fundi kuna khitilafu, na imepokewa kuwa Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa akiwatoza mafundi dhamana ili mali za watu zisipotee. Ama ajiri maalumu, madhehebu ya Imamu Shafi anayoyafuata wengi wetu visiwani hayamtozi dhamana, ila akivuka mpaka au akizembea. Majalla, yaani mkusanyiko wa hukumu za Kihanafi ulioandikwa zama za dola ya Uthmaniya, nayo inamhesabu kuwa ni mwaminifu asiyelipa kilichopotea bila ya kitendo chake.

Maana yake kwa lugha ya dukani ni hii. Wezi wakivunja kufuli usiku, muuzaji halipi. Mzigo ukiungua kwa hitilafu ya umeme, halipi. Mteja akichomoa simu kwenye kabati wakati duka limejaa watu usiku wa kuamkia Idi na muuzaji ni mmoja, halipi. Hapo mwenye duka ndiye aliyeweka mtu mmoja mahali pa watu watatu.

Lakini akiondoka kwenda kunywa chai na kuacha duka wazi, analipa. Akikopesha watu bila ya ruhusa, analipa. Akisahau kutia kufuli na hali ndiyo kazi yake kulitia, analipa. Hata anayekwenda kusali jamaa anatakiwa afunge au aache mtu, kwani sala haimhalalishii kuacha mali ya mtu wazi. Na mwenye duka naye hana haki ya kumzuia asisali.

Akikanusha kosa, kauli inayokubaliwa ni yake pamoja na kiapo, kwa sababu ni mwaminifu. Ila sababu ya kupotea mali ikiwa ni jambo la dhahiri, kama moto au uporaji, na watu hawakulijua, ataulizwa ushahidi wa kutokea kwake. Ndiyo maana tunawaambia vijana: likitokea tukio, ita majirani papo hapo, mpelekee habari sheha na nenda polisi usiku huohuo. Anayengoja mpaka asubuhi kwa kuogopa kumwamsha tajiri hujitia mashakani mwenyewe.

Basi tajiri anayemkata mshahara muuzaji asiye na kosa anakula mali kwa batili, jambo lililokatazwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 29. Na katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari kwa Abu Huraira (R.A.), anayemtumia mfanyakazi kisha asimpe ujira wake ni katika watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama. Wapo wanaoandika katika mkataba kuwa muuzaji atalipa kila kinachopotea, kwa namna yoyote. Sharti hilo linaupindua mkataba wa amana ukawa wa dhamana, na jamhuri ya wanavyuoni hawalikubali. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, nayo imeweka mipaka ya makato ya mshahara, kwa hivyo tajiri hawezi kukata kama apendavyo.

Je, analazimika kupambana na mwenye panga?

Hili ndilo suali zito kuliko yote, kwa sababu jibu lake baya linaua.

Watu hutoa hadithi ya Abdullah bin Amr (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi. Imepokewa pia na Muslim kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa mtu alimuuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini akijiwa na anayetaka kumnyang'anya mali yake, akaambiwa asimpe, na akipigwa vita naye apigane. Hadithi ni sahihi na hatuzipunguzi. Lakini Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameeleza kuwa kupigania mali ni jambo linalojuzu wala si wajibu. Ruhusa ya mtu kujitolea roho kwa mali yake haimpi tajiri haki ya kumuamrisha mtoto wa mwenziwe atoe roho yake kwa mauzo ya siku.

Lipo jambo ambalo msomaji aliyekaa darsani atalikumbuka. Baadhi ya maulamaa wa Kishafi wamesema kwamba mali ikiwa ni ya yatima, ya wakfu au ya amana, aliye nayo ni wajibu kwake kuitetea, kwa sababu si yake hata aisamehe. Ni kweli wamesema, na kwa kauli hiyo mtu anaweza kudhani muuzaji wa duka analazimika. Lakini wameifungamanisha na sharti: asiwe anahofia nafsi yake. Kijana wa miaka 19 aliyewekewa panga shingoni anaihofia nafsi yake, na wajibu umemwondokea. Kwa hali hiyo akiamriwa asimame tu apambane, anaamriwa kujitia kwenye maangamizi, na hayo yamekatazwa katika Surat Al-Baqara, aya ya 195.

Sasa, je, akitoa pesa kwa mkono wake atalipa? Hapa pana khitilafu. Katika Minhaj, mlango wa wadia, Imamu Nawawi ametaja kwamba dhalimu akimlazimisha mwenye kuwekeshwa amana mpaka akaikabidhi mwenyewe, basi kwa kauli iliyo sahihi zaidi mwenye mali anaweza kumdai, kisha yeye arudi kumdai dhalimu. Ama dhalimu akiichukua kwa mkono wake, hapana dhamana. Kwa Mahanbali, kama alivyoeleza Ibn Qudama katika al-Mughni, aliyenyang'anywa kwa nguvu hana dhamana, kwani kulazimishwa ni udhuru.

Ninaona kauli ya Mahanbali ndiyo inayofaa kufuatwa katika maduka ya leo. Muuzaji hakuwekeshwa kitu akikitunza faraghani. Amewekwa na tajiri mwenyewe mbele ya mlango wa barabara, na kila mpita njia anajua kuwa hapo pana pesa. Lakini hata anayeshikamana na kauli ya Minhaj ana njia nyepesi ya kutoka, nayo ni idhini. Dhamana ni haki ya mwenye mali. Akimwambia muuzaji siku ya kwanza, mbele ya mashahidi au kwa maandishi: "Ukijiwa na silaha, waachie wachukue," suali lote limekwisha, kwa sababu mwenye mali mwenyewe ameruhusu. Maneno haya hayamgharimu tajiri hata shilingi. Mzazi anayempeleka mwanawe dukani ayadai kabla ya kuulizia mshahara.

Muuzaji naye, akiweza, afungue droo na arudi nyuma, wachukue wenyewe. Asiwakodolee macho, asiwatishe kuwa amewatambua, wala asiwakimbilie wakishatoka. Afungue mlango wa majirani, si wa kuwafuata. Na tajiri mwenye busara hukusanya mauzo mara mbili tatu kwa siku, ili usiku usikute fungu la kumtamanisha mwizi. Kwa mawakala wa pesa za simu jambo hili ni muhimu zaidi, khasa nyakati za Ramadhani watu wanapokuwa misikitini kwa tarawehe na njia zimetulia.

Mwizi akishakamatwa

Kelele ya "mwizi!" ikipigwa sokoni, wauzaji huwa wa mwanzo kufika, na mara nyingine huwa wa mwanzo kupiga. Hili si halali. Fiqhi imeruhusu kumzuia mshambuliaji kwa daraja, lililo jepesi kwanza: kwa maneno, kisha kwa kumshika, na nguvu zaidi pale tu jepesi lisipofaa. Akishashikwa au akishakimbia, sababu ya kumpiga imekwisha, na kila pigo baada ya hapo ni dhulma mpya anayoibeba aliyelipiga. Adhabu ni ya hakimu baada ya kuthibiti kosa. Kijana wa duka akimvunja mtu mkono kwa simu ya elfu hamsini, atashitakiwa yeye, na mwenye duka hatosimama naye kizimbani.

Tajiri anayepiga na kutukana

Abu Mas-ud al-Badri (R.A.) alikuwa akimpiga mtumwa wake kwa mjeledi, akasikia sauti nyuma yake. Alipogeuka alimkuta Mtume (S.A.W.), ambaye alimkumbusha kuwa Allah ana uwezo zaidi juu yake kuliko alio nao yeye juu ya mtumwa yule. Akamwacha huru palepale, na akaambiwa kuwa lau si hivyo moto ungemgusa. Ameipokea Muslim. Ikiwa hivi ndivyo kwa mtu aliyekuwa anamilikiwa, vipi kwa mtu huru aliyekuja kuuza muda wake? Na Anas (R.A.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa alimtumikia Mtume miaka kumi na hakuambiwa hata neno la karaha.

Kofi ni kosa la jinai hata likipigwa na baba mdogo ndani ya duka lake. Hakuna "kumfundisha adabu" katika mkataba wa ijara.

Ipo namna nyingine ya kuwatesa wafanyakazi ambayo sikuiona katika vitabu vya sheria za kazi, kwa sababu ni ya kwetu. Mzigo ukipungua, tajiri anawakusanya wauzaji na kuwaambia atasoma Halbadiri, kila mtu akae akingoja nani atavimba tumbo. Au anakwenda kwa mganga kupiga ramli, anarudi na jina. Ninajua kuwa wapo wenye mapenzi na kisomo cha Ahlul Badri kama dua, na hapa si mahali pa kuufungua mjadala huo. Lakini kuitumia dua kama silaha ya kutishia watu ambao hakuna ushahidi juu yao ni kuwatia khofu Waislamu bila ya haki, na ramli ni haramu bila ya khitilafu. Jina lililotoka kwa mganga si ushahidi. Muuzaji aliyefukuzwa au aliyevunjiwa heshima kwa ramli amedhulumiwa, na aliyemtaja kuwa mwizi bila ya hoja anadaiwa kumuomba radhi mbele ya wale aliomtajia. Anayetaka kujua mali yake imekwenda wapi aweke daftari la kupokelea mzigo, ahesabu kila wiki, na afunge kamera kama ana uwezo.

Upekuzi wa wafanyakazi wakati wa kufunga unajuzu ukiwa umekubaliwa tangu mwanzo na unafanywa kwa wote kwa staha. Mwanamke apekuliwe na mwanamke. Mwanamme anayemshika mfanyakazi wa kike kwa kisingizio cha upekuzi ametenda haramu na ametenda jinai.

Wateja

Mteja mkali humlipukia aliye mbele yake: bei imepanda, nguo imerudishwa, deni limekumbushwa mbele za watu. Muuzaji hana mamlaka ya kubadilisha lolote katika hayo, na ndiye anayerushiwa kopo la maziwa. Mwenye duka abandike sheria ya kurudisha bidhaa mahali panapoonekana, na mambo ya madeni ayafanye mwenyewe. Makubaliano Namba 190 ya Shirika la Kazi Duniani, yaliyopitishwa Juni 2019 na kuanza kutumika tarehe 25 Juni 2021, yamehesabu ukatili unaofanywa na watu wa nje, wakiwamo wateja, kuwa ni sehemu ya ukatili kazini. Sioni ndani ya fikra hiyo kitu kinachopingana na Sharia. Kanuni ya kutodhuru wala kulipiza madhara, inayotokana na hadithi iliyomo katika Muwatta na Ibn Majah, inatangulia miaka mingi.

Wasichana madukani

Kazi ya duka ni halali kwa mwanamke anayechunga sitara yake, na familia nyingi leo zinaishi kwa mshahara wa binti. Lisilo halali ni faragha ya mtu asiye maharimu wake. Stoo yenye mlango mmoja, hesabu za usiku baada ya wenziwe kuondoka, kupelekwa nyumbani kwa gari ya tajiri peke yake: haya ndiyo mazingira ambayo mabaya hutokea, na mara nyingi lawama humrudia yeye. Waajiriwe wawili. Stoo iingiwe mlango ukiwa wazi. Wafunge mapema ili awahi daladala.

Binti akisema anasumbuliwa, asiulizwe kwanza alivaa nini. Akiwa ameshikwa kwa nguvu, apelekwe polisi na hospitali mara moja kabla ya kuoga na kubadilisha nguo. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja kipo kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri hupatikana pamoja. Familia inayoficha "ili tusifedheheke" inamwacha mtu huyo dukani kwake, na Jumatatu ataajiri binti wa jirani.

Ngazi, magunia, umeme na moshi

Majeraha mengi ya dukani hayana mkono wa mtu. Ngazi ya mbao iliyopigwa misumari juu ya misumari. Gunia la kilo 50 linaloteremshwa na mtu mmoja. Kidole kilichobanwa na mlango wa chuma wa kuviringisha. Kisu cha kufungulia maboksi. Waya ulioungwa kwa tepu juu ya friji la soda. Na tangu ile miezi mitatu ya giza Unguja, mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, jenereta ndogo zimezoeleka madukani. Wapo wanaoziwasha ndani kwa kuogopa zisiibiwe. Moshi wake una hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na usingizi, akalala asiamke. Jenereta ikae nje, hata ikibidi ifungwe kwa mnyororo.

Kuhusu mizigo, katika hadithi ya Abu Dharr (R.A.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amekataza kuwabebesha walio chini yetu kazi inayowashinda, na kwamba tukiwabebesha tuwasaidie. Na katika Surat Al-Qasas, aya ya 27, yule mzee wa Madyan alipomuajiri Nabii Musa (A.S.) alimwambia wazi kuwa hakusudii kumtia katika mashaka. Tajiri mwenye uwezo wa kuleta kontena ana uwezo wa kumlipa hamali wa pili.

Nani analipa mtu akiumia? Baadhi ya matajiri waliosoma huja na hadithi sahihi inayosema kuwa kisima na machimbo havina fidia, na wanavyuoni wameifasiri kuwa mtu akiajiriwa kuchimba, ardhi ikamporomokea, aliyemuajiri halipi. Ufahamu huo ni sawa pale ambapo hakuna kosa la mtu. Lakini aliyejua kuwa waya unarusha umeme na akamtuma kijana afungue friji bila ya kumwambia, huyo amesababisha kwa uzembe na kwa kuficha, na msababishaji aliyevuka mpaka anadhamini. Fidia ya kiungo ina viwango vyake katika mlango wa diya, na majeraha yasiyo na kiwango hukadiriwa na hakimu.

Na pasipokuwa na kosa la mtu, ipo sheria ya nchi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Zanzibar, Namba 15 ya 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005, inamtaka mwajiri kumfidia aliyeumia kwa sababu ya kazi na akiwa kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya 2005, inamtaka ayaweke mazingira ya kazi salama. Kuzifuata ni wajibu wa kidini pia. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lilipokutana Brunei mwaka 1993, liliamua kuwa kanuni za barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu kufuatwa kwa ajili ya maslaha ya watu, na kanuni za usalama kazini ni za jinsi hiyohiyo. Isitoshe, tajiri aliyepata leseni chini ya sheria hizo amekubali masharti yake, na Waislamu hushikamana na masharti yao.

Ama hoja ya kadari: ndiyo, kila kitu ni kwa kadari. Kuua kwa bahati mbaya nako ni kwa kadari, na juu ya hivyo Allah amefaradhisha diya na kafara katika Surat An-Nisaa, aya ya 92. Imani ya kadari ni ya kumliwaza aliyeumia. Haikuwekwa ili imsamehe anayedaiwa.

Wenye watoto Kariakoo na kwengineko Bara wajue kuwa huko sheria ni nyengine: upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ambao waajiri wanachangia na ndio unaomlipa aliyeumia. Kwa Zanzibar, ulizeni kama mwajiri anapeleka michango ZSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 1998, kwani pia una mafao ya ulemavu na ya warithi. Muuzaji asiye na mkataba wala mchango hukosa yote mawili.

Pa kwenda

Aliyepigwa aanze polisi apate fomu ya PF3, kisha hospitali, na abaki na nakala. Apige picha za jeraha na za mahali. Aandike majina ya waliokuwapo siku hiyohiyo, kwani mashahidi wa sokoni husahau haraka. Aliyeumia kwa ajali amjulishe mwajiri kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na asipojibiwa afike Kamisheni ya Kazi. Madai ya mshahara na kufukuzwa yanakwenda hukohuko. Wengi hukimbilia kwa kadhi, lakini Mahakama ya Kadhi, kwa Sheria Namba 9 ya 2017, inashughulikia ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mengine ya familia. Kesi ya kupigwa dukani si yake.

Sulhu inajuzu na ni kheri, kwa sharti kuwa aliyedhulumiwa ameridhia bila ya kusukumwa. Sulhu inayoandikwa pembeni ya kitanda cha hospitali, mzee mmoja amekuja na bahasha na karatasi ya kutia saini, jeraha halijajulikana litaishia wapi, isubirishwe. Haki ya kusamehe ni ya aliyeumia mwenyewe akiwa baleghe mwenye akili. Akiwa bado mtoto, baba au mjomba hana mamlaka ya kumsamehe tajiri bure kwa niaba yake, hata kama ni rafiki yake wa kahawani.

Akifariki, diya ni ya warithi wote kwa mafungu yao, na mjane yumo. Sayyidna Umar (R.A.) mwanzo aliona kuwa mke harithi katika diya ya mumewe, mpaka ad-Dahhak bin Sufyan (R.A.) alipomjulisha kuwa Mtume (S.A.W.) alimuandikia amrithishe mke wa Ashyam ad-Dibabi katika diya ya mumewe, akaiacha rai yake. Wamepokea Abu Dawud na Tirmidhi. Basi kaka wa marehemu anayekwenda peke yake kwa tajiri kupokea pesa na kutia saini kwamba "familia haina madai" ametia saini fungu lake tu. Mjane na watoto bado wana haki yao, na wanaweza kuidai.

Wallahu aalam.